Maneno Yaleyale, Maana Nyengine

Hotuba kwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaoishi na kufanya kazi Unguja na Pemba

Kaka zangu na dada zangu, sabalkheri.

Nimeanza na sabalkheri makusudi. Hapa visiwani ni salamu ya kila mtu, haimuulizi mtu dini yake. Wengi wenu mmevuka maji kufuata kazi za hoteli, skuli, ujenzi na biashara, na kila mmoja wenu ameshaulizwa swali lile: "Kwani nyinyi ni watu gani? Si Wakatoliki, si Walokole, si Wasabato. Nani?" Leo nitazungumzia namna ya kulijibu swali hilo bila kudanganya na bila kuudhi.

Tabu ya kwanza ni kwamba Kiswahili mnakijua. Asiyejua lugha huuliza maana ya neno. Anayejua hudhani ameelewa, na mwenzake naye hudhani ameelewa, na kila mmoja ana lake kichwani. Maneno ya dini katika lugha hii yalilelewa na Uislamu karne nyingi kabla ya Waanglikana wa UMCA kuhamia Unguja mwaka 1864. Wamisionari wale walipoanza kutafsiri Biblia walikuta nabii, malaika, imani na dhambi vimeshakaa kitako, wakavichukua. Sisi tumekuja nyuma kabisa, tukachukua yaleyale na kuyatia maana ya tatu.

Tazameni neno "mtume". Kanisa letu lina Akidi, yaani baraza, ya Mitume Kumi na Wawili, na mtu wa bara aliyezoea kusema Mtume Paulo haoni ajabu yoyote. Lakini ukisema Mtume mbele ya mzee wa Wete bila kutaja jina, amemaanishwa mmoja tu, na mzee ataongeza hapohapo "rehma na amani zimshukie". Sasa wewe umwambie kwamba mtume wako yupo Salt Lake City, Marekani, anavaa suti na tai! Hujamweleza imani yako, umemtukania yake. Sema hivi: "Kanisa letu linaongozwa na rais, pamoja na viongozi kumi na wawili kwa mfano wa wale wafuasi kumi na wawili wa Yesu." Akitaka kujua mnawaitaje, mwambie ukweli: sisi tunawaita mitume, na rais tunamwita nabii. Hapo tayari ameshajua unakusudia nini. Atakujibu kwamba utume umefungwa na Muhammad, na kwake hilo ni msingi wa dini. Usibishane. Mwambie, "Naam, hapo ndipo tunapotofautiana," kisha nyamaza.

"Mzee" nalo lina vituko vyake. Vijana wetu wa kiume wanaohudumu misheni, wengine wana miaka 18, cheo chao kwa Kiswahili cha Kanisa ni Mzee. Mtoto hana ndevu, jina kifuani Mzee Fulani, anampa shikamoo mtu wa miaka 70. Watu wa hapa ni wastaarabu, watacheka akishaondoka. Mjulisheni kwa jina lake tu. Cheo kibaki kwenye kibandiko. "Askofu" vilevile: kwa Waanglikana wa Mkunazini na Wakatoliki wa Minara Miwili, askofu ni mkuu wa dayosisi au jimbo zima, amesomea, hiyo ndiyo kazi yake. Askofu wetu anaongoza kata moja, yaani kundi moja la waumini wa mtaani, halipwi, na Jumatatu anarudi dukani kwake. Bila maelezo hayo, ukisema "askofu wetu ni fundi umeme" utaonekana unafanya mzaha.

Jina lenyewe la Kanisa lataka kufunguliwa. Mwaka 2018 Rais Russell M. Nelson, aliyeliongoza Kanisa wakati ule, alitutaka tutumie jina kamili, tuache kujiita Wamormoni. Sawa, lakini jina refu lina mitego miwili. "Watakatifu" husikika kama majisifu. Eleza kwamba ni namna Paulo alivyowaita waumini wa kawaida katika barua zake, wakiwamo wale waliokuwa wakigombana. "Siku za Mwisho" humfanya msikilizaji adhani mnahesabu siku za kiama. Mwambie ni zama hizi za kabla ya Kristo kurudi. Mwislamu naye anaamini Nabii Isa atashuka tena, kwa hiyo hapa hamtakwama.

Na Moroni! Malaika ambaye Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa letu, alisema alimtokea usiku wa Septemba 21, 1823, akamjulisha habari za mabamba ya dhahabu, jina lake ni Moroni, na kilima yalikozikwa mabamba hayo kinaitwa Kumora. Mji huu wa Zanzibar una watu wengi wenye asili ya Ngazija, na Moroni ndiyo mji mkuu wa kwao, katika visiwa vya Komoro. Utaulizwa, na watu watacheka. Cheka nao. Majina yamefanana, na hakuna haja ya kujenga hoja juu ya hilo.

Jambo la Oman ni zito kidogo kuliko hilo. Kitabu cha Mormoni, tunachokiamini kuwa maandiko pamoja na Biblia, kinaanza na nabii Lehi kutoka Yerusalemu na familia yake kiasi cha miaka 600 kabla ya Kristo, wakapita jangwani karibu na Bahari ya Shamu, wakafika pwani yenye matunda na asali, wakaunda jahazi. Baadhi ya wasomi wa Kanisa hudhani pwani hiyo ni Dhofar, kusini mwa Oman. Msikilizaji mwenye jamaa Maskati au Salala atainua kichwa. Mpe habari hiyo kama ilivyo: ni rai ya wasomi wetu, kitabu hakikuitaja Oman, na wanahistoria wasio wa Kanisa letu hawakikubali kitabu hicho kuwa historia ya kale. Akiyapata hayo kwako hatakuja kukwambia ulimficha.

Sasa zaka. Wengi mnapenda kusema "na sisi tunatoa zaka kama nyinyi". Si kama wao. Zaka ya Mwislamu kwa fedha na bidhaa ni asilimia mbili na nusu ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, na kupitiwa na mwaka, na wanaostahiki kupewa wametajwa makundi manane, wa mwanzo mafakiri na masikini. Zaka yetu ni sehemu ya kumi ya pato, na hutumika kwa majengo, mahekalu na kazi za Kanisa. Masikini wetu husaidiwa hasa kwa matoleo ya mfungo: Jumapili moja kila mwezi, kwa kawaida ya kwanza, tunaacha milo miwili mfululizo, chakula na maji, tunatoa thamani yake au zaidi. Ukitaka kulinganisha na zaka yao, linganisha na matoleo haya. Na ukisema "tunafunga" kisha ukanyamaza, ataulizia daku yenu mnakula saa ngapi. Mweleze kwamba hatuna daku, tunafunga kutoka mlo mmoja hadi wa siku ya pili yake, na hatuna mwezi mzima.

Nije kwenye kahawa, maana hapa ndipo mnapokwama kila siku ya Mungu.

Neno la Hekima, lililo katika kitabu chetu cha mafunuo, Mafundisho na Maagano, sehemu ya 89, la tarehe 27 Februari 1833, linatuzuia pombe, tumbaku, kahawa na chai. Pombe na tumbaku hapa hazikupi shida. Kuacha pombe kunakupa hata heshima. Lakini kahawa! Baraza la Unguja bila kahawa ni maturubai bila harusi. Muuza kahawa anapita na dele lake la moto, vikombe vinalia, siasa zinapikwa pale Jaws Corner. Kikombe unachopewa ni kidogo mno, na kukikataa kunaonekana kama umekataa watu.

Fanya hivi. Kataa mapema, kabla hajamimina, maana kahawa iliyomiminwa imeshalipiwa na mtu. Tumia maneno machache: "Ahsante bwana, kahawa situmii." Ukiongeza "dini yangu imekataza" kabla hujaulizwa, umewahutubia waliokuja kupumzika, tena kuhusu kinywaji kilicho halali yao. Chukua kashata, kaa, lipia kahawa ya wenzako. Hapo utakuwa umekaa barazani kama wengine. Akiuliza mtu kwa nini hunywi, jibu.

Wengine hujidanganya kwa tangawizi. Kahawa ya tangawizi ni kahawa. Chai ya viungo yenye majani ya chai ni chai, hata ikitiwa hiliki, mdalasini na karafuu ikanukia mtaa mzima. Maziwa ya tangawizi, maji ya mchaichai yasiyo na majani ya chai, juisi ya ukwaju, miwa na dafu vyote ni sawa. Ukialikwa nyumbani mwambie mwenyeji wako mapema, kwa upole, la sivyo Bi mkubwa atakuwa ameshachemsha birika zima. Na tambuu: uliza kama limetiwa tumbaku.

Nguruwe hatukukatazwa sisi. Basi iwe siri ya tumbo lako. Asiyekula nguruwe hataki chungu kilichompikia, na jirani akishajua kwamba jiko lako lina nyama hiyo hatakula kwako tena, hata biriani ya kuku. Mkazi wa uani wa pamoja aache kabisa.

Tukitoka jikoni tunakutana na Mungu mwenyewe, na hapa nataka tukae kidogo.

Kila mtoto wa chuo cha Qur'ani anaijua Sura Ikhlas: Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Sisi tunafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali, zenye kusudi moja, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Ni maneno ya Mafundisho na Maagano 130:22. Kwa Mwislamu haya ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Kwa Mkatoliki na Mwanglikana pia si Utatu wanaoukiri wao. Hakuna fundisho letu linalowashitua watu wengi kwa mara moja kuliko hili.

Kosa kubwa linalotendeka ni kulainisha: "Aa, sisi sote tunamwabudu Mungu mmoja, hakuna tofauti." Mwenzio anafurahi, anakuamini, na miezi sita baadaye anasoma kwenye simu habari za mwili wa nyama na mifupa. Anaona ulimzunguka. Kosa la pili ni kulianzia hilo. Mtu amekuuliza kwa nini huendi kazini Jumapili, wewe unampeleka kwenye mwili wa Mungu! Jibu ulichoulizwa. Likiulizwa hili lenyewe, liseme mara moja, kwa sentensi fupi inayoanza na "sisi tunaamini", na usitafute aya ya Qur'ani ya kuliunga mkono. Kusoma msahafu wa mwenzio ili umshinde nao ni ugomvi uliovaa kanzu. Na ya kwamba Joseph Smith "alipata wahyi kama Muhammad", msiyaseme kabisa. Kwake yeye utakuwa umempandisha mmoja kwa kumshusha mwengine.

Wapo wanaopenda kutoa tamko la Urais wa Kwanza, yaani rais wa Kanisa na washauri wake, la tarehe 15 Februari 1978, lililosema viongozi wakubwa wa dini kama Muhammad na Confucius, na wanafalsafa kama Socrates na Plato, walipokea sehemu ya nuru ya Mungu. Ni tamko zuri la kutufundisha sisi adabu. Likisomwa barazani, msikilizaji atasikia mambo mawili: kwamba Mtume wake amewekwa safu moja na Plato, na kwamba alipata "sehemu" tu. Kwa baraza, sheria ya mji wa Nauvoo, Marekani, ya Machi 1, 1841 inafaa zaidi. Joseph Smith alikuwa kwenye baraza la mji huo, na sheria ile ilitoa uhuru wa ibada kwa madhehebu yote, ikawataja Waislamu kwa jina, pahala ambapo huenda hapakuwa na Mwislamu hata mmoja. Hiyo inaeleweka bila ufafanuzi.

Kwa Wakristo wenzetu maswali ni mengine. Watakuuliza Ufunuo 22:18, kwamba asiongeze mtu neno. Jibu letu ni kwamba onyo hilo linahusu kitabu kile cha Ufunuo, na Kumbukumbu la Torati 4:2 lina onyo kama hilo na vitabu viliendelea kuandikwa. Watauliza mbona hamna msalaba ukutani, mbona sakramenti ni mkate na maji. Watauliza kama tunautambua ubatizo wao. Hatuutambui, na wala wao hawautambui wetu: Roma iliamua hivyo mwaka 2001. Sema hivyo na mwendelee kuwa majirani. Mitala je? Mashemeji wa Kiislamu huuliza kwa tabasamu, wakidhani hapo tumo pamoja. Kanisa lilitangaza kuiacha mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili huondolewa katika uanachama.

Vijana wenye simu watauliza juu ya watu weusi. Swali hilo lisichukuliwe kwa kicheko katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Mjibu hivi: Tangu mwaka 1852 Kanisa liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na weusi wote ibada za hekaluni. Katazo hilo lilikoma Juni 1978. Sababu zilizokuwa zikitolewa zamani, Kanisa lenyewe limezikana. Msijaribu kulipamba. Anayeuliza hivyo mara nyingi ameshasoma, anakupima wewe.

Adabu za nyumbani nitazipitia haraka, nyingi mnazijua. Hodi tatu; ya tatu isipoitikiwa, ondoka. Mwenye nyumba hayupo, mwanamume asiingie. Kitabu chako kishike kwa mkono wa kulia, usikiweke chini sakafuni wala kulikalia begi lililo nacho. Mwenye nyumba anauweka msahafu wake juu kabisa, na anavyokuona unavyokitupa chako ndivyo atakavyokipima. Wakati wa mazungumzo ni baina ya Alasiri na Magharibi. Ikisikika adhana, nyamaza, na watu wakiinuka kwenda kusali usiwaambie "dakika moja tu". Ramadhani usile wala kunywa njiani. Ukialikwa futari nenda, chukua tende, na siku hiyo zungumza chakula.

Lililobaki ni zito. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Hiyo ndiyo sheria. Lakini mtu wa hapa akitoka katika Uislamu anaingia katika mambo ambayo wewe mgeni huyaoni. Kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Ndoa yake inatiwa shaka. Mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu Zanzibar yanakwenda kwa kadhi. Yatima wa nyumba ya Mkoani aliyeshawishika na maneno yako ya wiki tatu anaweza kupoteza mikarafuu ya babake na watu waliomlea. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: usipite mlango kwa mlango, usigawe vitabu bandarini, usimwendee mtoto wa mtu. Kanuni zetu wenyewe zinataka ridhaa ya wazazi kwa aliye chini ya umri wa utu uzima, na ridhaa ya mume au mke kwa aliye katika ndoa, kabla ya ubatizo. Wewe msimamizi wa hoteli usizungumze imani na unaowapangia zamu. Hawana uhuru wa kukukatalia. Na siku mnayopeleka mchele, vitanda vya hospitali au pampu ya maji, hakuna kitabu, hakuna kibandiko, hakuna mwaliko. Visiwani watu wanayo kumbukumbu ndefu ya dini inayokuja imebeba kibaba.

Mwisho, msibani. Jirani akifiwa, nenda. Wanaume hufuata jeneza mpaka makaburini. Simama kando wakati wa sala ya maiti, usijipange safuni kama huamini, saidia kubeba, tia udongo ukiruhusiwa. Dada zetu wanakaa na wafiwa ndani, wamejifunika, wanapika. Ubani unautoa kimyakimya. Kuna mmoja atakayeuliza, maana limeshaenea mitandaoni, kama ni kweli nyinyi huwabatiza wafu. Usilijibu matangani. Mwambie utamfuata siku nyengine, na umfuate kweli, umweleze: hatugusi maiti wala kaburi, muumini aliye hai huzamishwa majini ndani ya hekalu kwa niaba ya marehemu, na tunaamini roho ya marehemu ina hiari ya kukubali au kukataa. Kanisa linatutaka tupeleke majina ya wazee wetu sisi. Jina la marehemu wa jirani yako usiliandike popote, hata kama mlipendana vipi, hata kama ulimwita mama.